Dokta, ulichosema kwenye simu njoo ukisaini

Mhariri, habari za kazi. Mimi ni mkunga mstaafu, naishi hapa Mikindani, miguu imeanza kugoma ila kichwa bado kipo sawa, naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua maana hili jambo limenikaa kooni siku nyingi.

Juzi nimepanda daladala kutoka Mtwara mjini narudi nyumbani, nyuma yangu wamekaa kinamama wawili na kijana mmoja, wanamwongelea nesi mmoja sijui wa wilaya gani kasimamishwa kazi sababu ya mgonjwa. Yule kijana anasema afungwe tu, mama mmoja anasema manesi wa siku hizi roho mbaya, mwingine akauliza, lakini si dokta ndo alimwagiza? Kijana akajibu kama vile ameulizwa yeye hakimu, "kama kaagizwa basi hana kosa, aachiwe." Sasa hapo ndo nikageuka, maana wote watatu wamekosea, na huyo kijana alipogeuka kumtetea nesi ndo kakosea kuliko wote.

Kuagizwa hakukutoi kwenye kosa. Nimefundisha wanafunzi wengi waliokuja kujifunzia wodini na hili ndo lilikuwa gumu kuwaingia. Wanakuja na ile picha kwamba dokta ni kichwa na nesi ni mkono, mkono haushtakiwi. Mahakamani mkono unashtakiwa. Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010 inakuhesabu wewe kuwa mwanataaluma kamili, una usajili wako na leseni yako Baraza la Uuguzi na Ukunga, siyo kivuli cha mtu. Ukichoma sindano ambayo nesi yeyote mwenye akili zake angejua ni hatari, utaulizwa kwanini ulichoma, na jibu la "dokta alisema" litasikilizwa, litaandikwa, alafu utaulizwa tena swali lilelile.

Na mbaya zaidi, hilo jibu lenyewe mara nyingi huwezi hata kulithibitisha, kwa sababu dokta alisema kwenye simu.

Ngoja niwaeleze wasiojua kazi zetu usiku zinakwendaje huku kusini. Zahanati au kituo cha afya kijijini, zamu ya usiku unakuta nesi mmoja na mhudumu mmoja, hapo mna bahati, mara nyingine ni nesi na mlinzi. Leba ana mama mmoja anasukuma, wodini watoto watatu wana dripu, mlangoni bodaboda imeleta mtu kaanguka mkorosho. Dokta (na wengi tunaowaita dokta ni matabibu, sawa tu, kwetu wote dokta) kalala kwake au yupo mjini kwenye semina. Unapiga simu kwa vocha yako mwenyewe, hiyo nayo sijawahi kuona fungu lake kwenye bajeti yoyote, anapokea na sauti ya usingizi, mnaongea dakika moja na nusu, anasema mpe hiki na hiki, simu inakatika. Umebaki wewe na mgonjwa na maneno yaliyopita hewani.

Mwaka 2004 nilikuwa kituo kimoja huko juu uwandani, kituo sikitaji. Msimu wa korosho, saa 8 usiku, kaletwa mtoto anadegedega na malaria kali, nikampima kilo 15. Wakati ule dawa ya malaria kali ilikuwa kwinini ya dripu, artesuneti ya siku hizi haijatufikia bado. Nikampigia dokta. Akaniambia mpe ampuli moja kwenye dripu, akakata. Mhariri, ampuli moja ya kwinini ilikuwa na miligramu 600, hiyo ni dozi ya mtu mzima wa kilo 60. Mwongozo tuliokuwa nao unasema miligramu 10 kwa kila kilo, kwa hiyo mtoto yule alitakiwa 150, yani robo ya ampuli, nusu mililita tu kwenye sindano, tena iingie taratibu kwa saa nne na sukari yake maana kwinini inashusha sukari mwilini na ukiipeleka kasi inagusa moyo. Nadhani dokta kwenye usingizi wake alisikia "mama kaleta mtoto" akashika hilo la mama. Nikapiga tena, hapatikani. Nikapiga mara ya tatu, hapatikani. Mama wa mtoto analia, mtoto meno yamekaza.

Nikatoa 150. Na kabla sijafanya kitu kingine chochote nikaandika kwenye faili: saa 8 na dakika 10 nimempigia dokta fulani, ameagiza ampuli moja, mtoto ana kilo 15, nimempigia tena mara mbili hapatikani, nimetoa miligramu 150 kwa uzito. Nikasaini, nikamwita mlinzi aliyekuwa amesimama pembeni wakati naongea, mzee wa watu kasoma darasa la nne, nikamwambia mzee andika jina lako hapa kwamba umesikia. Akaandika kwa herufi kubwa.

Asubuhi dokta kafika, kasoma, kafura, "nani dokta hapa, mimi au wewe?" Nikamwonyesha hesabu. Akanyamaza kitambo kirefu, akachukua kalamu akasaini chini ya mlinzi. Tangu siku hiyo alikuwa akiniagiza kitu kwa simu ananiuliza mwenyewe, "umeandika?"

Rafiki yangu mimi hakuandika. Huyu tulisoma naye, mkunga mzuri sana, mikono ya dhahabu, na yeye kituo chake sikitaji wala yeye simtaji kwa sababu yu hai na anasoma magazeti. Alikuwa na mama wa uzazi wa sita, uchungu umesimama. Akapiga simu, akaambiwa muwekee dripu ya kuongeza uchungu. Akaweka. Mfuko wa uzazi ukapasuka. Mtoto akafa, mama wakamwahisha hospitali ya mbele wakamtoa kizazi, akapona, ila hatazaa tena.

Kwenye kikao dokta akasema sikumwambia aweke dripu, nilimwambia aandae dripu nikifika niangalie. Rafiki yangu akasema aliniambia weka. Kampuni ya simu inaweza kuonyesha kwamba muda fulani namba hii ilipiga namba ile wakaongea dakika mbili, haionyeshi waliongea nini. Faili halina kitu. Patografu, ile karatasi ya kufuatilia uchungu wa mama, nayo ina masaa matatu meupe, mapigo ya mtoto yanatakiwa yapimwe na kuandikwa kila nusu saa na yeye nina hakika alipima maana namjua, lakini hakuandika, alikuwa peke yake na wamama wengine wawili. Masaa matatu meupe kwenye patografu ukiyaweka mbele ya watu wasiokujua yanasema wewe ulilala.

Leseni ilisimamishwa. Dokta alipewa onyo la mdomo, agizo la mdomo likalipwa na onyo la mdomo.

Sasa nataka niseme kitu ambacho rafiki yangu akisoma atanichukia. Hata kama dokta alimwambia weka, na mimi naamini alimwambia, yeye alikosea kuweka. Mama wa uzazi wa sita, kituo hakina chumba cha upasuaji, uchungu umesimama na hujui kama mtoto kaziba njia, dripu ile haiwekwi, mama anapewa rufaa, hilo tunafundishwa wote chuoni. Alitakiwa aseme hapana dokta, siweki, naomba gari. Alinyamaza kwa sababu yule ni dokta. Kwa hiyo kwenye lile kosa kuna la dokta na kuna la kwake, na kosa la mfumo uliomwacha peke yake na wamama watatu usiku kucha, lakini karatasi ilikuwa tupu basi mzigo wote ukamwangukia aliyekuwepo.

Niwaambie na hao ndugu zangu wa daladala kidogo, maana naona watu wanachanganya. Nesi akikosea kuna milango mitatu na haifanani. Kuna Baraza, hilo linashughulika na leseni yake, linaweza kumwonya, kumsimamisha, mpaka kumfuta kabisa kwenye rejista. Kuna madai ya fidia, hapo familia mara nyingi inamdai mwajiri kwa kosa la mfanyakazi wake aliyekuwa kazini, maana nesi mwenyewe ana nini cha kulipa zaidi ya baiskeli na shamba la mikorosho, na kama mwajiri ni serikali lazima kwanza utoe notisi ya siku 90 kabla ya kufungua kesi, na kwa madhara ya namna hii una miaka mitatu, ukikaa ukifikiria mpaka mwaka wa nne utakuta mlango umefungwa. Alafu kuna jinai. Jinai haina mwajiri. Kanuni ya Adhabu kifungu cha 233 kinamgusa mtu anayetoa tiba au dawa kwa pupa au uzembe mpaka akahatarisha maisha ya mwenzake, na mgonjwa akifa kuna kuua bila kukusudia, adhabu yake inaweza kufika kifungo cha maisha. Hapo mwajiri hatakuja kukaa rumande kwa niaba yako, atakuja kuomba funguo za kabati la dawa.

Ila siyo kila mgonjwa akifa basi nesi kazembea, hili nalo tuelewane. Wanasheria wanapenda sana kutaja kesi moja ya Uingereza ya mwaka 1957, ya bwana Bolam, kipimo chake ni kwamba unamlinganisha mtaalamu na wenzake wa fani ileile wenye ujuzi wa kawaida, je wao wangefanya hivyo? Siyo nesi malaika, nesi wa kawaida. Mtu anaweza kufanya yote sawasawa na mgonjwa akaondoka, Mungu ndo mpangaji. Lakini utajuaje alifanya yote sawasawa? Tunarudi palepale kwenye faili.

Na ndo maana sipendi hii tabia ya kiongozi kufika kituoni na kamera, anasikiliza malalamiko dakika tano mbele ya wananchi, anamsimamisha nesi palepale watu wanapiga vigelegele. Katiba yetu ibara ya 13(6)(a) inampa kila mtu haki ya kusikilizwa kikamilifu, nesi naye mtu. Faili halijafunguliwa, aliyeagiza kwa simu hajaulizwa, video imeshafika Dar. Kama kakosea kweli, ushahidi utasema, lakini hivi ilivyo tunamchukua aliye karibu, aliye mbali na simu yake anabaki anaangalia hiyo video kama sisi.

Mwanangu ambaye naye ni nesi aliwahi kunisimulia kesi ya kule Tennessee, Marekani. Nesi mmoja mwaka 2017 alichukua dawa isiyo sahihi kutoka kwenye kabati la kompyuta, badala ya dawa ya kumtuliza mgonjwa akachukua ya kulegeza misuli, mgonjwa pumzi ikasimama, akafa. Mwaka 2022 baraza la wazee wa mahakama likamkuta na hatia ya jinai, akapewa uangalizi wa miaka mitatu bila kwenda jela. Manesi dunia nzima walitetemeka maana yule aliyakiri makosa yake mwenyewe toka mwanzo, na mimi naona kumpeleka jinai mtu aliyesema mwenyewe ni kuwafundisha wengine wafiche. Lakini kitu kilichonikaa mimi ni kingine. Kwenye kesi ile hakuna aliyebishana dokta aliagiza nini. Agizo lilikuwa kwenye kompyuta, jina la dawa, kila kitu, ikaonekana wazi kosa lilianzia wapi. Sisi huku tunatumia nusu ya kikao kubishana nani alimwambia nani.

Siku hizi wameleta WhatsApp. Najua, vijana wananiambia bibi mambo yamebadilika, dokta anaandika agizo kwenye meseji, tunapiga skrinishoti, ushahidi upo. Sawa, ni nafuu kuliko hewa, sikatai. Ila simu ni ya kwako, chaji ikiisha, ikiibiwa, ukihamishwa kituo ukaondoka nayo, faili la mgonjwa linabaki tupu vilevile, na nesi wa zamu ya asubuhi hajui usiku kuliagizwa nini anaweza kurudia dawa ileile. Alafu nimeonyeshwa mwenyewe kundi la kazi, watu zaidi ya 40 humo ndani, wamerusha picha ya mgonjwa uso wazi, na karatasi ya majibu yake inasomeka jina mpaka kijiji. Kati ya hao 40, wengine walishahama mkoa. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, taarifa za afya za mtu zimewekewa uzito wa pekee humo, na kwa majibu ya ukimwi kuna sheria yake tangu 2008. Unajiokoa na kosa moja unajiingiza kwenye jingine. Kama lazima utumie, andika umri na uzito na tatizo, jina na sura acha.

Na simu nyingine inayonichosha, hii haihusu dokta. Mama anahitaji upasuaji sasa hivi, mtoto anachoka tumboni, nesi anahangaika kumtafuta mume yupo baharini au yupo kwenye mnada wa korosho, eti aruhusu. Mwanamke ana miaka 30, akili timamu, anaongea, anaumwa yeye. Wa kusaini ni yeye. Mume tunamheshimu, apewe taarifa, shemeji zetu hao, ila nusu saa uliyopoteza kumtafuta ukija kuulizwa hutajibu "nilikuwa natafuta ruhusa ya mume," maana hakuna sheria iliyokutuma.

Ninachoomba hakihitaji mfadhili. Kila kituo kiwe na kaunta buku moja ya maagizo ya simu, ikae pale dawatini isitoke. Nesi akipiga, aweke spika, mhudumu au mlinzi asikie. Dokta akisema dawa, nesi amrudishie yote neno kwa neno, dawa gani, kiasi gani, njia gani, mgonjwa wa kilo ngapi, dokta aseme ndiyo. Yaandikwe palepale na saa yake, siyo asubuhi wakati wa kukabidhi zamu ambapo kila mtu anaandika anavyotamani ingekuwa. Yahamie kwenye faili. Dokta akifika asaini, isizidi siku moja. Asiyesaini, mganga mfawidhi amuulize, na mganga mkuu wa wilaya akija kwenye usimamizi wake, kabla hajahesabu vyandarua, afungue hiyo buku kwanza.

Nimewahi kulisema hili kwenye kikao nikiwa bado kazini. Dokta mmoja akanijibu, sista, unataka kutufanya sisi wahalifu? Nikamwambia dokta, kama ulichosema ni sahihi unaogopa nini kukiwekea jina. Wakacheka wote, chai ikaletwa, kikao kikahamia kwenye posho.

Na nyie manesi wadogo zangu, mnasema hamna muda wa kuandika, najua hamna, nilikuwepo. Lakini andika hata mstari mmoja wa kweli. Na ukikosea kuandika usifute na ile wino nyeupe, pitisha mstari mmoja juu ya neno lisomeke, saini pembeni, endelea. Faili lililokwanguliwa linatisha kuliko faili lenye kosa. Na agizo usilolielewa sema silielewi, agizo la hatari sema hapana na uandike kwamba ulisema hapana. Utaitwa mkaidi. Mimi niliitwa miaka mingi na pensheni napokea.

Barua hii sijaichapa mimi, macho hayanipi, nimemtajia mjukuu wangu akaandika kwenye simu. Alipomaliza akataka kutuma hapohapo, nikamwambia hebu nisomee kwanza. Akasoma vizuri mpaka alipofika kwa yule mtoto wa kwinini, akasema, "nikampima kilo 51." Nikamwambia rudi juu, baba, ni 15.

Mkunga mstaafu,
Mikindani, Mtwara